Kunywa kidogo kabla ya kuendesha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali ndo yale yale yanayorudi kila wikiendi, kwenye meza za nyama choma, kwenye vikao vya harusi, kwenye magrupu ya ofisini, na mengi wala sio maswali, ni msimamo ambao mtu keshaushika anataka tu umuunge mkono. Nimejibu kwa kuangalia Tanzania maana ndo barabara ninazozijua, na pale nchi nyingine ina cha kutufunza nimeitaja. Na wangu nausema mapema: anayejua ataendesha asinywe kabisa. Simhukumu anayekunywa, anywe zake, ila funguo zikae kwa mtu mwingine.

Bia moja mbili tu, kweli zinafanya nini?

Zinafanya mengi kabla hujajisikia chochote, na hapo ndo pagumu. Watu wengi tunapima ulevi kwa kuangalia kama mtu anayumba, anaongea ovyo au anataka kupigana, sasa hizo ni dalili za mwishoni. Kinachoanza kuondoka ni uwezo wa kushika mambo mawili matatu kwa wakati mmoja, yaani kuangalia bodaboda anayekata kushoto, mama anayevuka na mtoto, na daladala lililosimama ghafla bila indiketa, vyote pamoja. Halafu macho, ukipigwa taa za full na lori usiku yanachelewa kurudi.

Tupige hesabu kidogo. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi. Kwa mwanaume wa kilo 70 hiyo moja tu inaweza kumpandisha hadi miligramu 40 na kitu kwenye kila mililita 100 za damu, kwa mwanamke wa kilo 55 inakaribia 65, kwa sababu mwili wake una maji kidogo zaidi ya kuichanganya hiyo pombe. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ziweke kikomo kisichozidi 50 kwa madereva wa kawaida, na 20 kwa vijana na wanaoanza kuendesha. Kwahiyo dada wa kilo 55 aliyekunywa "moja tu" ameshapita.

Na ukiwa spidi 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukichelewa kukanyaga breki kwa nusu sekunde umeshaenda mita 11 zaidi, hapo breki zenyewe hazijashika. Mita 11 ni nyingi sana kama mbele yako kuna kivuko cha wanafunzi.

Mbona mimi nikinywa kidogo ndo naendesha vizuri, natulia, sina papara?

Hili nalisikia kuliko yote na wanaolisema wanaamini kabisa, sio waongo. Hata utafiti uliwahi kuonekana kama unawaunga mkono. Marekani, mji wa Grand Rapids, mtu anaitwa Robert Borkenstein, huyo huyo aliyetengeneza kipima ulevi cha pumzi mwaka 1954, aliongoza utafiti mkubwa uliotoka 1964, wakalinganisha madereva waliopata ajali na waliokuwa wanapita tu. Ikaonekana waliokuwa na pombe kidogo sana wamepata ajali chache kuliko wasio na pombe kabisa. Unaweza kufikiria wanywaji walivyofurahi.

Baadaye data zile zile zikaangaliwa upya, kumbe wale wenye pombe kidogo walikuwa watu tofauti na wale wengine, wengi ni watu wazima wazoefu wa barabara ambao hata wasingekunywa wangepata ajali chache. Ukilinganisha mzoefu na mzoefu mwenzie, yule aliyekunywa hatari yake inapanda, na inaendelea kupanda kadri anavyoongeza.

Sasa ule utulivu unaousikia ni wa kweli, naukubali, pombe inaondoa wasiwasi. Lakini wasiwasi wa barabarani una kazi yake, ndo unaokufanya upunguze mwendo unapokaribia kona usiyoiona mwisho. Ukishauondoa unabaki unajisikia dereva mzuri bila kuwa dereva mzuri, na wa kukuambia hayo ni akili hiyo hiyo iliyokunywa.

Nimeendesha nikiwa nimekunywa miaka na miaka, sijawahi kupata ajali, utanieleza nini?

Nitakueleza kwamba wengi waliopata ajali siku ya kwanza walikuwa na rekodi nzuri kama yako hadi jioni yake. Kwa kawaida kosa linapita salama kwa sababu mwenzio amekwepa, bodaboda ameingia mtaroni, lori limepiga honi mapema. Wewe unafika nyumbani unahesabu umefika kwa ufundi wako. Waliokukwepa huwajui na hawatakuja kukuambia.

Halafu mzoefu wa pombe anaonekana mzima zaidi, huu ni ukweli. Anaongea vizuri, anahesabu hela sawasawa, anafungua mlango wa gari bila kuhangaika. Damu yake ukiipima iko pale pale kama ya mwingine aliyekunywa kiasi hicho. Kwahiyo mzoefu ana hatari ya aina yake, maana hakuna atakayemnyang'anya funguo.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Kwa dereva wa kawaida kikomo ni miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu. Kwa dereva wa biashara, basi, daladala, lori, teksi, ni sifuri, hata funda moja. Watetezi wa usalama barabarani wamekuwa wakiomba hiyo 80 ishuke iwe 50 na mimi niko upande wao, kwa sababu hesabu ya pale juu inaonyesha mtu anaweza kuwa ndani ya sheria na bado hafai kushika usukani. Usiigeuze 80 kuwa lengo. Ule ni mstari wa polisi kukukamata.

Na soma masharti ya bima yako, hata ile kubwa. Nyingi zina kipengele kwamba dereva akiwa amelewa hawalipi gari lako, au wanamlipa uliyemgonga halafu wanakugeukia wewe uwarudishie.

Nikila nyama kwanza, nikanywa kahawa, nikaoga maji baridi, nikala minti?

Chakula kinasaidia kidogo, kinafanya pombe iingie taratibu na isipande sana, lakini hakiifuti. Na kina mtego wake, unaweza kutoka baa unajisikia mzima halafu kiwango kikaendelea kupanda ukiwa njiani, kwa sababu kilele kinaweza kuja nusu saa hadi saa moja na nusu baada ya kunywa.

Kahawa inakufanya mlevi aliye macho. Maji baridi yanakufanya mlevi aliyelowa. Minti inabadilisha harufu ya mdomo tu, kipima ulevi kinasoma hewa ya ndani ya mapafu. Ini linafanya kazi kwa mwendo wake, kwa wastani linapunguza kama miligramu 15 kwa saa kwenye kila mililita 100 za damu, huwezi kuliharakisha kwa supu wala kwa ndimu. Kuchanganya na vinywaji vya kuongeza nguvu ndo mbaya zaidi, usingizi unaondoka, ulevi unabaki.

Na kama unatumia dawa za mafua au mzio zinazoleta usingizi, mfano Piriton, hata hiyo bia moja sahau.

Nikilala usiku nikaamka asubuhi si niko salama?

Inategemea, na watu wengi wanakosea hapa bila nia mbaya kabisa. Chukua yule yule wa kilo 70, kanywa bia sita za nusu lita kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane usiku. Anapolala anaweza kuwa na miligramu kama 175. Saa kumi na mbili asubuhi anawasha gari kwenda kazini akiwa bado na 115 hivi. Kikomo cha 80 anakifikia kwenye saa mbili na nusu, na kuisha kabisa ni saa nane mchana. Hayo ni makadirio, miili inatofautiana, ila picha ndo hiyo. Amelala, ameoga, amepiga supu, amevaa shati limenyooka, na bado ni dereva mlevi anayempeleka mtoto shule.

Sasa ongeza ile tabia ya kuzimua. Ukizimua asubuhi saa inaanza upya, na kichwa kikiacha kuuma unadhani umepona.

Jumapili asubuhi na Jumatatu asubuhi mimi naziogopa kama Jumamosi usiku, sema hakuna anayezifikiria hivyo.

Mi sinywi pombe kali, nakunywa bia na waini tu, kuna tofauti si ndio?

Kilevi ni kile kile. Kichupa cha mililita 200 cha pombe ya asilimia 35 kina gramu 55 hivi, karibu sawa na bia tatu za nusu lita, tofauti ni kwamba kinaisha haraka na hakijazi tumbo. Glasi ya waini inayomiminwa nyumbani kwa upendo huwa kubwa kuliko ya hotelini. Na pombe za kienyeji, mbege, ulanzi, gongo, huwezi kukadiria kabisa kwa sababu kila mpikaji na nguvu yake.

Bosi wangu, au baba mdogo, amekunywa na anataka kuendesha. Nitamwambiaje mtu mzima?

Hapa ndo penye kazi, na nadhani ndo panapoua wengi, kwa sababu hatukosi kujua, tunakosa ujasiri mbele ya heshima. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa kwamba umelewa. Ukisema hivyo mbele za watu umemvua nguo, na mtu mzima aliyevuliwa nguo ataendesha hata kama hataki, ili tu athibitishe.

Kwahiyo usibishane kuhusu ulevi. Usiseme umelewa, usihesabu chupa. Sema kwa upande wako. "Baba mdogo, naomba leo nikupeleke mimi, nina mazungumzo na wewe njiani." "Bosi, kesho tuna kikao mapema, naomba nikuitie usafiri, gari nitalileta mwenyewe asubuhi." Mvute pembeni, usiongee mezani. Kama kuna shangazi au rafiki yake wa rika lake mtumie huyo, neno la mwenzie linapita pale ambapo la kwako litagonga mwamba. Na fanya mapema, akiwa bado amekaa anacheka, sio ameshasimama mlangoni na funguo mkononi.

Akikataa kabisa, usipande. Najua kukataa kupanda gari la mkubwa ni jambo zito, unaonekana umemdharau, ila mke anayebaki kwenye sherehe na watoto akasema "sisi tutakuja na bajaji" amefanya zaidi ya maneno yote, mara nyingi mzee anabaki anafikiria. Na kama anaondoka hivyo hivyo na unaona kabisa ataua mtu, piga 112. Watu wanaona hilo ni usaliti. Mimi naona bora akulaumu mwaka mzima akiwa hai.

Kuna na upande wa pili ambao hauongelewi, dereva wa bosi. Bosi yuko ndani anakula na wenzie, dereva amekaa nje masaa manne, halafu mtu mwenye roho nzuri anasema "mpeni na dereva moja." Jamani msimpe. Mpeni chakula, mpeni soda, mpeni hela ya vocha. Yeye kukataa ofa ya mkubwa ni ngumu mno na anayekuja kupoteza kazi na leseni ni yeye, aliyetoa ofa hata hatakumbuka.

Tunaandaa harusi, wageni watakunywa, sisi kamati inatuhusu vipi?

Inawahusu sana tena sana. Nimekaa vikao vingi vya harusi, kuna bajeti ya ukumbi, MC, keki, mapambo, picha na video, kreti za bia zinahesabiwa kwa kichwa mpaka mnajua meza ipi ina wanywaji. Usafiri wanaopangiwa ni bwana na bibi harusi na wazazi. Watu mia tatu tunawanywesha halafu saa sita usiku tunawaambia asanteni kwa kuja, safari njema.

Weka mstari mmoja tu kwenye bajeti, usafiri wa kurudi. Kosta mbili zinazopita njia kuu, moja ya Bagamoyo Road moja ya Morogoro Road kwa mfano, zinasaidia watu wengi kwa gharama ya kreti chache. Ongeeni na ukumbi magari yaweze kulala pale na mlinzi hadi saa sita mchana, na MC alitangaze hilo mapema, sio mwisho, maana mtu akijua tangu mwanzo kwamba gari linaweza kulala salama atapanga usiku wake vizuri. Bia zifungwe saa moja kabla ya mwisho, chakula kibaki. Na vinywaji visivyo na pombe viwe vya heshima, sio maji ya moto na soda aina moja. Anayeendesha asijisikie kama amekuja kuadhibiwa.

Na tuache lile swali la "wewe vipi, unaumwa?" kwa anayekunywa soda. Hilo swali limewanywesha wengi ambao walishaamua vizuri wakiwa nyumbani.

Kwani watu wanabadilika kweli? Hii si ni tabia yetu?

Wanabadilika. Uingereza walikuwa hivi hivi, kupitia baa kabla ya kuendesha kwenda nyumbani ilikuwa kawaida ya mwanaume yeyote wa heshima. Mwaka 1967 waziri wa uchukuzi Barbara Castle akasimamia sheria ya kikomo cha 80 na kipima pumzi barabarani, wenye baa walimchukia, alitukanwa sana. Sheria ikaingia, lakini mazoea yalichelewa, mwaka 1979 bado inakadiriwa watu 1,640 hivi walikufa kule kwenye ajali za madereva waliokunywa. Miaka ya karibuni kule ni kati ya mia mbili na mia tatu kwa mwaka, na magari yameongezeka zaidi ya mara mbili. Kikomo England ni kile kile 80. Kilichobadilika ni kwamba polisi hawakuacha kupima, na ndugu na marafiki wakaacha kuona ni jambo la kawaida.

Jirani zetu Kenya walileta Alcoblow, yaani kipima ulevi cha pumzi cha barabarani, mwishoni mwa 2013. Ghafla watu wakaanza kuacha magari baa na kulipa madereva wa kuwarudisha. Wengine wakaanza kuambiana kwenye simu polisi wamesimama wapi leo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni zilizokuwa zinatumika zina kasoro, kazi ikalegea, baadaye vipimo vikarudishwa. Mimi funzo ninalolichukua pale ni kwamba ukimwogopesha mtu polisi tu, atatafuta njia isiyo na polisi. Akimwogopa yule mtoto anayevuka, hakuna njia ya kumkwepa huyo.

Si ajali ni mipango ya Mungu? Wangapi hawanywi na wanakufa?

Wapo, na nawaombea. Ajali haina kinga, sawa, tairi linapasuka, ng'ombe anaruka barabarani. Lakini Mungu hakukushikia chupa. Naliongelea hili kwa uchungu kwa sababu kwenye misiba ndo tunapolisema zaidi, mama amekaa kwenye mkeka, mwanawe aligongwa akitoka dukani, na watu tunamwambia ni mipango ya Mungu huku wote tunajua dereva alikuwa anatoka wapi. Tusimbebeshe Mungu kitu ambacho mtu alikichagua saa mbili kabla.

Nikinywa nikachukua bodaboda je?

Ni bora kuliko kuendesha mwenyewe, ila bajaji au gari la Bolt ni bora zaidi, mtu aliyelewa nyuma ya pikipiki anasinzia na kuanguka, na kofia ngumu wengi hawavai. Muangalie na dereva, muongeleshe kidogo, msikie pumzi. Kuna wa usiku wanaokunywa ili waone baridi haiumi. Na ukitembea kwa mguu umelewa kando ya barabara isiyo na taa uko hatarini pia, tembeeni wawili, upande wa kutazamana na magari.

Nimeshakunywa, sikupanga, gari liko hapa na hakuna wa kuniendesha. Nifanyeje sasa hivi?

Mpe funguo mtu wa kaunta au mwenyeji wako kabla hujaagiza nyingine. Muulize mlinzi gari linaweza kulala, mwachie kitu kidogo na namba ya simu, toa laptopu na vitu vya thamani. Piga simu nyumbani useme ukweli, "nimekunywa, naacha gari, nakuja na bajaji", usitunge hadithi. Kama huna hela ya usafiri mwenyeji akukopeshe au ulipie ukifika, madereva wengi wanakubali ukiwaambia mapema. Kama lazima ulale kwenye gari, lala siti ya nyuma, injini imezimwa, vioo vimefunguliwa kidogo, funguo zikiwa kwa mlinzi, na usiwashe injini sehemu iliyofungwa maana moshi wake unaua ukiwa usingizini. Kesho gari usilifuate alfajiri, lifuate mchana, ukiwa umeshakula na masaa yametosha.